Siri ni ya Mgonjwa: Hati Anayotia Saini Mtarajali na Mipaka Yake

Miongoni mwa karatasi anazokabidhiwa mtarajali siku anaporipoti katika hospitali ya umma, iko moja anayoisoma kwa haraka kuliko zote. Si fomu ya benki wala si ratiba ya zamu. Ni hati ya kutunza siri. Mara nyingi huwa ni ya ukurasa mmoja, na kiini chake ni sentensi moja tu: kwamba mwenye kutia saini hatatoa nje ya taasisi jambo lolote alilolijua kwa sababu ya kazi yake. Kijana husaini, huandika tarehe, kisha huelekezwa wodini.

Makala haya yanaiuliza hati hiyo swali moja: siri inayotunzwa ni ya nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo karatasi ile inamlinda mgonjwa, au inamlinda mtu asiyependa kuulizwa maswali. Nitalitazama suala hili kutoka Lembeni, kwa kuwa katika sehemu ndogo faida na hasara za hati ya namna hii huonekana wazi kuliko mjini.

Mahali ambapo kila mtu anafahamika

Lembeni ni kata ya Wilaya ya Mwanga, mkoani Kilimanjaro. Iko kwenye tambarare yenye joto chini ya Milima ya Upare wa Kaskazini, kando ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Same. Anayeugua hapo huanzia kituo cha karibu; akizidiwa, safari yake huwa ya Mwanga, Same au Moshi, ambako zipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na Hospitali ya KCMC. Watarajali, yaani wahitimu wa udaktari wanaotumikia mwaka mmoja chini ya usimamizi kabla ya kupata usajili kamili, huwa zaidi katika hospitali kubwa. Vituo vidogo hupokea zaidi wanafunzi wa vyuo vya afya waliokuja kwa mafunzo kwa vitendo. Wote hao ni wageni wa muda, na wote huona mengi.

Mjini mgonjwa hujificha ndani ya umati. Kijijini hana pa kujificha. Muuguzi ni mke wa mwalimu wa mwanawe. Mtaalamu wa maabara husali naye. Mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo amepanga chumba kwa shangazi yake. Tuseme mwanafunzi huyo, akiwa ndani ya Noah kuelekea Mwanga, anamwambia mwenzake kwamba leo wamewapima wajawazito na mmoja amekutwa na virusi vya UKIMWI. Hataji jina. Anasema tu kwamba ni yule mama mwenye duka la vitenge kando ya barabara. Jina la nini tena? Kabla gari halijafika Mwanga, habari imekwisha kuota miguu.

Msomaji asidhani kwamba hasara hapo ni aibu peke yake. Mama aliyetangazwa namna hiyo huenda asirudi tena kliniki. Bila tiba wala hatua yoyote ya kinga, uwezekano wa mama mwenye virusi kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Kwa dawa na ufuatiliaji mzuri, hushuka chini ya asilimia 5. Maneno machache ndani ya gari yanaweza kumtoa mtoto katika kundi moja na kumtia katika jingine.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Tumezoea kuielekeza methali hiyo kwa mgonjwa, kumhimiza aseme yote. Lakini inamdai na yule anayefunuliwa: mzazi hawezi kumfunulia mkunga asiyejua kunyamaza.

Siri halali

Kwa hiyo niseme wazi kwamba hati ya kutunza siri si jambo baya. Kiapo kinachohusishwa na Hippocrates, tabibu wa Kiyunani, kilimfunga tabibu asitangaze aliyoyaona na kuyasikia kwa wagonjwa wake. Azimio la Geneva, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linaendeleza wajibu huo hata baada ya mgonjwa kufariki dunia. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtoa huduma atunze usiri wa majibu ya kipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na imeunda Tume ya kusimamia ulinzi huo.

Kwa upande huu, hati nyingi ni dhaifu kuliko inavyotakiwa. Zinakataza mambo yote kwa jumla, ilhali hazitaji simu ya mkononi. Siku hizi siri ya mgonjwa haivujii sokoni tu. Huvuja kwa picha ya jeraha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi waliosoma pamoja, ikiwa na jina la mgonjwa pembeni mwa filamu ya eksirei. Huvuja kwa jalada lililoachwa wazi mezani. Hati inayomwambia kijana waziwazi asipige picha ya mgonjwa bila ridhaa, asitaje dalili pamoja na kijiji, na asizungumzie wagonjwa ndani ya gari la abiria, ingekuwa na manufaa kuliko ile inayosema tu «jambo lolote».

Jokofu lililozimika

Ni hayo maneno «jambo lolote» yenye tatizo. Chukua mfano mwingine. Baada ya kujifungua, kila mama hupaswa kupata dawa ya kuufanya mji wa mimba ujikaze ili damu ikome; dawa inayotumika zaidi ni sindano ya oksitosini, uniti 10. Dawa hiyo hutunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikikaa siku nyingi kwenye joto la tambarare, hupungua nguvu, ingawa kichupa hakibadiliki sura wala rangi. Muuguzi atachoma sindano kama alivyofundishwa, na damu itaendelea kutoka kana kwamba hajachoma kitu.

Tuseme basi kwamba mwanafunzi aliyeko mafunzoni anagundua jokofu la dawa limezima siku ya nne sasa, na karatasi ya kurekodia joto inajazwa kila asubuhi kwa namba zilezile. Anamwambia mkubwa wake wa zamu, naye anajibiwa kwamba fundi ataitwa. Wiki inapita. Je, anayoyajua ni siri? Kwa mujibu wa hati aliyosaini, ndiyo, maana ni jambo alilolijua kwa sababu ya kazi yake. Lakini siri hiyo ni ya nani? Si ya mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa ndiye anayehitaji kuliko wote ijulikane. Wala si ya usalama wa nchi, kwa kuwa hakuna adui atakayetushinda kwa kujua jokofu letu limeharibika.

Hapo ndipo tunapaswa kutenganisha mambo matatu ambayo hati ya jumla huyafunga katika furushi moja. La kwanza ni siri ya mgonjwa, nayo hulindwa daima. La pili ni siri ya nchi, ambayo ina sheria yake, Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970. Katika maisha ya kawaida ya wodi mtarajali hakutani nayo. La tatu ni upungufu wa ofisi: dawa zilizoharibika, fedha zilizoombwa dirishani bila stakabadhi, zamu isiyokuwa na mtu usiku. Hili la tatu ni aibu, na aibu haigeuki kuwa siri kwa kuwekewa saini.

Hati za kufunga midomo zina asili yake katika biashara. Mwenye kiwanda ana haki ya kuficha namna anavyotengeneza bidhaa yake, kwa sababu kiwanda ni mali yake. Hospitali ya serikali ni ya nani? Ni ya mkulima na mfugaji wa Lembeni, anayelipa kodi katika kila mfuko wa sukari na mche wa sabuni anaonunua. Kumficha hali ya kituo chake ni kumficha mwenye nyumba kwamba paa linavuja.

Kwa nini mtarajali hunyamaza

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtarajali ndiye kata: huingia na kutoka kila mahali, kutoka wodi ya watoto hadi chumba cha upasuaji, kutoka maabara hadi stoo ya dawa. Macho yake bado ni mapya, hajazoea kasoro kiasi cha kuzipita bila kuziona. Kwa hiyo yeye huona mapema yale ambayo wenyeji wa kituo walikwisha kuacha kuyaona.

Lakini huyohuyo ndiye mwenye nguvu ndogo kuliko wote. Hana ajira ya kudumu. Hajapata usajili kamili kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika. Kitabu chake cha mafunzo kinatiwa saini na walewale ambao pengine angepaswa kutoa taarifa juu yao. Akishindwa kumaliza mwaka huo, miaka mitano ya chuo na mashamba yaliyouzwa na wazazi wake vinaning'inia hewani. Kwa kijana wa namna hii, hati yenye maneno mapana haihitaji kamwe kufikishwa mahakamani. Inafanya kazi kwa hofu. Wala hajui kama sentensi ile ina nguvu ya kisheria au haina. Anajua tu kwamba alisaini.

Sheria iko juu ya hati

Yampasa kujua kwamba hati ya ofisi haiwezi kufuta sheria iliyotungwa na Bunge. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inataka magonjwa ya kuambukiza yaliyoainishwa yatolewe taarifa. Hakuna saini inayoruhusu kipindupindu kifichwe. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa mamlaka husika, kwa nia njema, kuhusu uhalifu au jambo linalohatarisha afya na usalama wa watu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtambua mwananchi kuwa ana haki ya kupata taarifa zilizoko katika taasisi za umma, isipokuwa zile zilizozuiwa kwa sababu maalumu, faragha ya mtu ikiwa mojawapo. Na kila mwaka ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni na kusomwa na yeyote, zikieleza kasoro za taasisi za umma, za afya zikiwamo. Kinachosomwa hadharani Dodoma hakiwezi kuwa siri Lembeni.

Faida ya taarifa inayopanda juu upesi tumeiona wenyewe. Mwezi Julai 2022, katika Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, watoa huduma wa ngazi ya chini waliona wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, uchovu na kutokwa damu puani, wakatoa taarifa. Wataalamu walitumwa, sampuli zikapimwa, na katika siku chache ikathibitishwa kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa kwa mkojo wa wanyama na unaotibika kwa dawa za kawaida. Wagonjwa walikuwa 20, vifo 3. Taifa zima lilijua ugonjwa, dalili zake na mahali ulipo, na hakuna aliyehitaji kujua majina ya wagonjwa. Tofauti kati ya siri ya mgonjwa na habari ya umma imo katika mfano huo.

Waliosema, na waliosainishwa wanyamaze

Historia ya tiba duniani ina mifano ya upande wa pili. Kuanzia mwaka 1932, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wa Tuskegee, jimboni Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ili kuona ugonjwa unavyoendelea bila matibabu. Penisilini ilipopatikana katika miaka ya 1940, hawakupewa. Katikati ya miaka ya 1960 kijana mmoja aliyeajiriwa na idara hiyo mjini San Francisco, Peter Buxtun, alisikia habari hizo kutoka kwa wenzake kazini. Aliandika kwa wakubwa mwaka 1966, akaandika tena mwaka 1968, bila mafanikio. Hatimaye alimpa mwandishi wa habari nyaraka, na Julai 1972 dunia ikasoma. Utafiti ulisimamishwa mwaka huohuo, baada ya miaka 40. Alichokifichua ni mwenendo wa idara, si maradhi ya mtu mmojammoja. Tena alianza ndani, akatoka nje baada ya kufungiwa milango.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Li Wenliang, daktari wa macho mjini Wuhan, China. Tarehe 30 Desemba 2019 aliwatahadharisha madaktari wenzake aliosoma nao kuhusu wagonjwa wenye homa ya mapafu isiyo ya kawaida. Tarehe 3 Januari 2020 aliitwa polisi akasainishwa karatasi ya onyo kwamba ameeneza uvumi. Alifariki tarehe 7 Februari 2020 kwa ugonjwa uleule aliouonya. Mwezi Machi mwaka huo onyo lile lilifutwa rasmi. Aliyesaini hakuwepo tena.

Mataifa mengine yamejifunza kuweka mipaka katika hati zenyewe. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1998 inayolinda watoa taarifa kwa manufaa ya umma inabatilisha kifungu chochote cha mkataba kinachomzuia mfanyakazi kutoa taarifa inayolindwa na sheria. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2012, inazitaka hati za siri za watumishi wa serikali kuu ziwe na maneno yanayosema wazi kwamba haziondoi haki ya kufichua maovu. Sheria hiyo haikufuta hati za siri. Iliongeza sentensi ndani yake.

Hoja ya wasimamizi

Sisi tunaosimamia vijana tuna hoja ya kujitetea, nayo si ya kupuuzwa. Mtarajali anaweza kuona nusu ya jambo. Anaweza kudhani mgonjwa amekufa kwa uzembe, kumbe alifika akiwa amechelewa siku tatu. Akilitupa mtandaoni, ndugu wanavamia wodi, na wengine wenye maradhi kama hayo wanaogopa kuja. Ni kweli. Ndiyo maana sheria yetu ya watoa taarifa inaelekeza taarifa kwa mamlaka, wala haikuandikwa kwa ajili ya video za wodini. Tena kuna mahali ambapo usiri ndio unaoufanya ukweli usemeke: vikao vya kujadili vifo vya wajawazito na watoto wachanga, ambamo kila mtu hueleza alichofanya bila majina kupelekwa barabarani. Tafiti za kitaifa zilikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na 104 mwaka 2022. Sababu za kushuka huko ni nyingi, lakini kila kifo kisichojadiliwa kwa ukweli hufungua njia ya kingine.

Hata hivyo, tiba ya kijana kukosea njia ni kumwonyesha njia. Kumziba mdomo hakumfundishi chochote, isipokuwa kwamba katika taaluma hii usalama wake uko katika kutazama pembeni. Somo hilo akilipata mwaka wa kwanza, atalitembeza nalo miaka 30.

Sentensi nne

Napendekeza basi kwamba kila hati ya siri inayotolewa kwa mtarajali au mwanafunzi iongezewe sentensi nne. Ya kwanza: siri inayolindwa hapa ni ya mgonjwa, na itatunzwa hata baada ya mafunzo kwisha. Ya pili: hakuna neno katika hati hii linalomzuia mwenye kusaini kutoa taarifa kwa mamlaka husika kuhusu hatari kwa wagonjwa, uhalifu au matumizi mabaya ya mali ya umma. Ya tatu: taarifa ianze kwa msimamizi, isiposhughulikiwa ndani ya muda uliotajwa, iende kwa mganga mfawidhi, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa, Baraza la taaluma, au TAKUKURU ikiwa ni rushwa. Ya nne: hakuna atakayenyimwa saini ya kumaliza mafunzo kwa sababu ya taarifa aliyoitoa kwa nia njema.

Kwa mtarajali: omba nakala ya hati uliyosaini, uisome ukiwa umetulia. Ukiona hatari, andika tarehe, saa na ulichokiona kwa macho yako, bila jina la mgonjwa pasipo lazima, na ukabidhi kwa maandishi. Usipige picha ya mgonjwa ili kuthibitisha hoja yako; piga hodi ofisi inayofuata.

Kwa msomaji wa Lembeni na kwingineko: una haki ya kuuliza anayekuhudumia ni nani na kama yuko mafunzoni. Una haki ya kudai mazungumzo yako yafanyike faragha, na ya kukataa wanafunzi wasikutazame. Una haki vilevile ya kuiuliza kamati ya usimamizi ya kituo chako, ambamo wananchi wana wawakilishi, kama dawa zipo na kama jokofu linafanya kazi. Ukijibiwa kwamba hilo ni siri, uliza kwa upole: ni siri ya nani?